Mnara Usio na Hesabu: Serikali Inaponunua Mitambo Kabla ya Kupanga Kazi



Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anawauliza wasikilizaji wake habari za mtu anayetaka kujenga mnara. Je, mtu huyo hataketi kwanza akapiga hesabu aone kama anao uwezo wa kuumaliza? Asipofanya hivyo ataweka msingi, fedha zitamwishia, na wapita njia watamcheka. Mafundisho hayo yahusu gharama ya kumfuata Kristo, lakini Bwana aliuchukua mfano wake kutoka maisha ya kila siku, kwa sababu alijua kwamba wasikilizaji wake, hata wasiosoma, walikuwa wanajua kupanga.

Nasi katika parokia zetu twajua. Hakuna kamati ya ujenzi inayonunua mabati kabla ya kujua kanisa litakuwa na urefu na upana gani. Mwenyekiti akija na risiti ya mabati mia tatu kabla ya ramani kuchorwa, waamini hawatamwuliza kwanza kama mabati ni mazuri. Watamwuliza: ni kwa jengo gani? Wakikosa jibu, wataanza kujiuliza duka lile ni la nani.

Jambo tunalotaka kulisema katika waraka huu ni kwamba swali hilo, ambalo kila Jumuiya Ndogo Ndogo yaweza kuliuliza, halijazoea kuulizwa pale taifa linaponunua mitambo yake: rada, kompyuta, mifumo ya vitambulisho, mifumo ya hospitali. Huku nyuma ofisi za umma zimejaa mipango. Kila wizara ina mpango mkakati. Kila wakala ina malengo yake ya mwaka. Mlangoni umetundikwa mkataba wa huduma kwa mteja, umewekewa fremu na kioo. Lakini mpango huandikwa katika meza moja, na mkataba wa kununua mtambo hutiwa sahihi katika meza nyingine, na meza hizo mbili hazisalimiani. Twasema kwamba huo ni upungufu wa haki, wala si kasoro ya ofisi peke yake.

Somo la rada

Tuanze na kisa ambacho Watanzania wengi wanakikumbuka. Mwaka 2001 serikali yetu ilikuwa katika mpango wa kununua mtambo wa rada kutoka kampuni ya Kiingereza ya BAE Systems, kwa bei ya pauni milioni 28, yaani takribani dola milioni 40 za Marekani. Fedha zilikuwa za mkopo. Mwezi Novemba mwaka huohuo nchi yetu ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa kusamehewa madeni uliowekwa kwa nchi maskini zenye madeni makubwa, msamaha ambao Wakristo wa mabara yote walikuwa wameupigania kwa sala na kwa maandamano katika miaka ya Jubilei Kuu. Mwezi uliofuata serikali ya Uingereza ilitoa kibali cha kuiuza rada hiyo, ingawa waziri wake mwenyewe wa maendeleo ya kimataifa, Bi. Clare Short, aliupinga mpango huo waziwazi.

Rada ilikuwa ya kazi gani? Hapo ndipo penye kiini. Wananchi waliambiwa kwamba itaongoza ndege za abiria na kuleta usalama angani. Ni lengo jema, hakuna anayebisha. Lakini wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, walioombwa na Benki ya Dunia kuutathmini mradi, walisema kwamba mtambo ule kimsingi ulikuwa wa kijeshi, kwamba ungesaidia kwa sehemu ndogo tu kazi ya kuongoza ndege za kiraia, na kwamba bei yake ilikuwa kubwa kupita kiasi. Kwa maneno mengine, lengo lilikuwa moja na kitu kilichonunuliwa kilikuwa kingine. Mtu alikwenda sokoni kutafuta jembe, akarudi na panga la bei ya majembe kumi.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwezi Desemba 2010 mahakama moja mjini London iliitoza kampuni ile faini ya pauni 500,000 kwa kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu kuhusu malipo ya takribani dola milioni 12 yaliyopitia kwa mtu aliyeitwa mshauri wake wa masoko. Haki yatudai tuseme wazi: kampuni haikutiwa hatiani kwa rushwa, bali kwa kosa la hesabu. Katika makubaliano yaleyale iliahidi kuwalipa watu wa Tanzania pauni milioni 29.5, nazo zililipwa mwaka 2012, zikapangwa kununua vitabu na madawati ya shule za msingi. Watu wetu wakaziita "chenji ya rada".

Tulicheka jina hilo, lakini tulitafakari lilivyo? Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka uleule wa 2001. Watoto walimiminika madarasani, wakaketi sakafuni, wakashirikiana kitabu kimoja watano au sita. Fedha za vitabu vyao zilikuwa zimekwisha kusafiri ng'ambo, zikarudi baada ya miaka kumi na moja. Aliyekuwa darasa la kwanza wakati rada inanunuliwa alikwisha kumaliza shule ya msingi zamani. Kwake yeye chenji haikurudi.

Kuna fundisho la pili ambalo husahauliwa. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilitia sahihi mkataba mwingine, safari hii wa rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa takribani shilingi bilioni 61. Kwa viwango vya wakati huo fedha hizo hazikufika dola milioni 30. Lengo lilitajwa tangu mwanzo, nalo lilipimika: anga lote la Tanzania lionekane, na nchi iweze kuliongoza na kukusanya ada za ndege zipitazo juu yake. Twakubali kwamba katika miaka kumi na sita bei za mitambo hubadilika, wala si halali kulinganisha mikataba hiyo miwili kama magunia mawili ya mahindi ya soko moja. Hata hivyo msomaji na apime mwenyewe: rada moja isiyofaa kwa kazi iliyotajwa, na rada nne kwa fedha pungufu. Uchumi wa mambo haya huanzia katika swali la kwanza, yaani kazi ni ipi.

Jirani zetu nao

Tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa nyumba moja. Nchini Kenya, katika miaka ya mwanzo ya karne hii, serikali ilihitaji mtambo wa kutengeneza pasipoti zisizoghushika kwa urahisi. Kampuni moja ya Kifaransa ilikuwa imeonyesha kwamba kazi hiyo yaweza kufanyika kwa euro milioni 6 hivi. Mkataba ukapewa kampuni iliyojiita Anglo Leasing, kwa takribani euro milioni 30. Mwaka 2004 jambo hilo lilipofichuka ikaonekana kwamba lilikuwa tawi moja tu la mti mkubwa wa mikataba ya usalama. Hata hivyo mwaka 2014 Kenya ililazimika kulipa shilingi zake bilioni 1.4 kwa kampuni mbili zilizokuwa katika mikataba ya aina hiyo, kwa kuwa zilishinda kesi katika mahakama za Ulaya. Mkataba mbaya ni kama magugu: aliyeupanda huondoka, nao hubaki shambani.

Na juzi tu, mwezi Machi 2025, ilitangazwa taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Kenya juu ya mfumo wa kompyuta wa bima mpya ya afya, wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8 za nchi hiyo. Mkaguzi alieleza kwamba mfumo huo ulipatikana bila ushindani wa zabuni na kwamba umiliki wake hauko mikononi mwa serikali. Lengo la bima ni mgonjwa atibiwe bila kufilisika. Tunauliza kwa heshima: mwenye mtambo akiwa mwingine, na mwenye ahadi akiwa mwingine, mgonjwa atamdai nani?

Mwizi na mlango

Wengi wakisikia visa hivi husema: "Ni rushwa tu. Wakamateni wezi, mambo yatanyoka." Wezi wakamatwe, hilo halina mjadala. Lakini twataka kwenda hatua moja mbele. Mwizi huingia kwa mlango uliokwisha kuachwa wazi, na mlango wenyewe ni huo utengano wa mpango na mkataba.

Tazameni inavyokuwa. Tangu Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997 na maboresho ya utumishi wa umma yaliyofuata, ofisi zetu zimetakiwa kupanga kwa malengo na kupimwa kwa matokeo. Ofisi inaandika, tuseme, kwamba mama akiomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake atakipata katika siku chache zilizotajwa. Vizuri. Kisha unakuja wakati wa kununua mfumo wa kompyuta wa kutolea vyeti. Kabrasha la zabuni linataja idadi ya kompyuta, kasi yake, ukubwa wa kumbukumbu, na tarehe ya kufikisha makasha bohari. Zile siku za mama hazitajwi popote. Mzabuni analeta makasha, anasainiwa hati ya mapokezi, analipwa, anaondoka. Mama bado anasubiri, anarudi kijijini kwa nauli ya kukopa, anaambiwa "mtandao uko chini".

Sasa ni nani aliyevunja mkataba? Hakuna. Mzabuni alitimiza kila alichoandikiwa. Bodi ya zabuni ilifuata kanuni. Mkuu wa ofisi ataandika katika taarifa ya mwaka kwamba lengo limefikiwa kwa asilimia mia, maana lengo limekwisha kugeuzwa kimyakimya: badala ya kuhesabu vyeti, anahesabu kompyuta. Kila mtu ana haki yake kwenye karatasi, isipokuwa yule ambaye kwa ajili yake karatasi zote ziliandikwa. Hali ya namna hii ndiyo tunayoiita dhambi katika miundo: uovu uliokaa katika mpangilio hata pasipo mtu mmoja wa kunyoshewa kidole.

Wala tusijifanye watakatifu. Twaifahamu zahanati moja ya Kanisa iliyopewa kompyuta na wafadhili ili kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Hakuna aliyekaa na wauguzi kuwauliza kumbukumbu zipi zinawasumbua. Hakuna aliyefundishwa. Kompyuta zile zilifunikwa vitambaa vilivyofumwa vizuri, zikapigwa picha ya kupeleka kwa wafadhili, na wauguzi wakaendelea na madaftari yao. Tuliosali misa ya shukrani siku ile tulikuwa sisi. Kwa hiyo tunaposema juu ya serikali, tunajisema pia.

Taifa tajiri lilijifunza nini

Pengine mtu atasema kwamba haya ni matatizo ya nchi changa. La hasha. Marekani, miaka ya 1980 na 1990, serikali yake ilimwaga fedha zisizohesabika katika mifumo ya kompyuta isiyofanya kazi. Mradi mmoja wa kuongoza ndege angani ulivunjwavunjwa mwaka 1994 baada ya zaidi ya dola bilioni moja kupotea bure. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 Bunge lao lilitunga sheria mbili. Ya mwaka 1993 ilizitaka idara zote za serikali kuu kuandika mpango mkakati, kuweka malengo ya mwaka yanayopimika, na kutoa taarifa ya matokeo hadharani. Ya mwaka 1996, iliyopewa majina ya watungaji wake Clinger na Cohen, iliufunga ununuzi wa teknolojia kwenye mipango hiyo. Kabla ya kununua mfumo mkubwa idara ijiulize: kazi hii ni yetu kweli? Kama ni yetu, je, tumekwisha kuurekebisha utaratibu wa kazi yenyewe, au tunataka kuuvika utaratibu mbovu nguo ya kompyuta? Na mtambo huu utaongeza nini katika lile tuliloahidi?

Maswali hayo ni mazuri, wala hayana hakimiliki. Lakini sheria peke yake haitoshi. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali hiyohiyo ilizindua mfumo wake wa kuandikisha watu bima ya afya kwa njia ya intaneti, na kumbukumbu zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba siku ya kwanza walioweza kumaliza kujiandikisha walikuwa watu 6. Sheria ilikuwapo kwa miaka kumi na saba. Kilichokosekana ni watu wa kuuliza kwa wakati na wenye mamlaka wa kusikia. Tofauti ni kwamba kule taifa lilijua ndani ya siku chache, likapiga kelele, na mfumo ukatengenezwa.

Majibu kwa wanaotupinga

Wako watakaosema: "Mapadre na makatekista wanajua nini juu ya rada na kompyuta? Waachieni wataalamu." Twajibu kwamba hatuombi kuchagua nyaya. Mgonjwa hajui kutengeneza dawa, lakini ndiye anayejua kama amepona. Utaalamu unahusu njia. Mwenye haki ya kusema kama huduma imefika ni yule aliyeahidiwa.

Wako watakaosema: "Haya ni mambo ya usalama wa taifa, hayajadiliwi hadharani." Twakiri kwamba zipo siri ambazo dola lapaswa kuzitunza. Lakini visa tulivyovitaja vyaonyesha jinsi blanketi la usalama linavyofunika vitu visivyohusika. Pasipoti ya mfanyabiashara wa mitumba ina siri gani katika bei yake? Siri ya kweli inahitaji kusimamiwa zaidi, na Bunge lina kamati za kuweza kukaa faraghani.

Wako pia watakaosema: "Teknolojia inakwenda mbio, mkikaa kupanga mtaachwa." Twajibu kwa methali ya wazee wetu: haraka haraka haina baraka. Tena wanaochelewa zaidi ni wale wanaonunua mara mbili. Rada ya mwaka 2001 ilinunuliwa kwa haraka, na bado mwaka 2017 tulikuwa tunatafuta rada.

Na mwisho wako rafiki zetu wanaotuonya kwamba vipimo navyo hudanganya. Wana haki. Ofisi ikiambiwa itahesabiwa kwa vyeti, yaweza kutoa vyeti vingi vyenye majina yaliyokosewa. Ndiyo maana hatusemi kipimo kiwe kimoja, wala kiwekwe na ofisi peke yake. Kipimo kizuri ni kile anachoweza kukithibitisha mwananchi mwenyewe aliyesimama dirishani.

Tunayoyadai

Kwa hiyo, kwa jina la manufaa ya wote, twaziomba serikali zetu, na twawaomba waamini wazidai, mambo haya matano.

Kwanza, pasitangazwe zabuni ya mtambo wowote mkubwa mpaka ofisi husika itaje kwa maandishi ni ahadi gani katika mpango wake itakayotimizwa na mtambo huo, kwa kiasi gani, na lini.

Pili, kipimo kilekile kilichomo katika mpango kiandikwe ndani ya mkataba. Sehemu ya malipo ibaki mikononi mwa umma mpaka huduma yenyewe ionekane, badala ya kulipwa yote makasha yanapofika bohari.

Tatu, umiliki wa mfumo na wa kumbukumbu za wananchi uwe wa umma, na mafunzo ya watumishi yahesabiwe kuwa sehemu ya kazi, si hisani ya mzabuni.

Nne, mwaka mmoja baada ya mtambo kuanza kazi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akague zaidi ya risiti: akague kama ahadi ilitimia, na taarifa yake iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka.

Tano, aliyetia sahihi ajulikane. Mkataba ukiharibika, jina la ofisi lisiwe kichaka cha kumficha mtu.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

Ndugu walei, waraka huu hautakuwa na maana ukiishia kabatini mwa parokia. Twaomba kila Jumuiya iketi na kujibu: Ni huduma gani ya umma mnayoitegemea zaidi, na ofisi hiyo imewaahidi nini katika mkataba wake wa huduma? Mmewahi kuusoma, au mmepita tu chini ya fremu yake? Ni mtambo gani ulioletwa wilayani kwenu katika miaka ya karibuni, nao umepunguza foleni au umeongeza? Diwani na mbunge wenu wameulizwa lini juu yake? Na je, miradi yetu wenyewe ya parokia ingepita katika mtihani huu?

Andikeni majibu, yapelekeni kwa Halmashauri ya Walei, nayo iyafikishe ofisini kwa adabu na bila woga. Msidhani kwamba ni jambo dogo. Mjenzi wa mnara alichekwa kwa sababu fedha zilikuwa zake na aibu ikawa yake. Mnara wa taifa hujengwa kwa fedha za mama anayesubiri cheti, na asipouliza mapema, aibu na deni vyote vitaandikwa kwa jina la mtoto wake.